Tauni ingaliko, na dawa yake ipo

Wako wasomaji wetu ambao wakisikia neno tauni hukumbuka vitabu vya historia: Ulaya ya zama za kale, mikokoteni ya maiti, milango iliyotiwa alama. Hatuwacheki. Sisi wenyewe tulipokuwa seminari kuu tulifundishwa habari za tauni katika somo la historia ya Kanisa. Tuliandika daftarini ya kwamba kati ya mwaka 1347 na 1351 ugonjwa huo uliua labda theluthi moja ya watu wa Ulaya, au zaidi. Kisha tukafunua ukurasa, tukaendelea na mambo ya Mapapa wa Avignon. Hapana aliyetuambia, wala sisi hatukuuliza, kama kijidudu kile kilikuwa kimekufa.

Hakikufa. Kati ya mwaka 2010 na 2015 Shirika la Afya Duniani lilihesabu wagonjwa wa tauni 3,248 ulimwenguni, na katika hao 584 walifariki. Nchi zilizokuwa na wagonjwa wengi kupita nyingine ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Madagaska na Peru.

Msomaji atasema: Mbona ni wachache! Malaria huua watu wengi kuliko hao kwa siku moja. Ni kweli kabisa. Wala hatuandiki juu ya tauni kwa sababu ya wingi wa makaburi yake. Twaandika kwa sababu katika ugonjwa huu laonekana waziwazi jambo ambalo katika magonjwa mengine limefichika. Kijidudu cha tauni chajulikana; njia ipitayo yajulikana; dawa yake imejulikana tangu miaka ya 1940, wala si dawa ya bei kubwa. Basi anayepona na anayekufa hawapitani sana kwa ukali wa ugonjwa wao. Wapitana kwa mahali walipozaliwa, na kwa urefu wa njia iliyopo kati ya nyumba yao na zahanati.

Kwanza yatupasa kueleza ugonjwa wenyewe, maana hata watu waliosoma huuelewa vibaya.

Tauni ni ugonjwa wa panya kabla ya kuwa ugonjwa wa watu. Mwaka 1894, ilipozuka Hong Kong, daktari Alexandre Yersin, mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa mwanafunzi wa Taasisi ya Pasteur ya Paris, alitoa majimaji katika mitoki ya maiti, akayatazama kwa hadubini, akakiona kijidudu. Baadaye wataalamu walikiita Yersinia pestis kwa heshima yake. Miaka minne ikapita, na mwaka 1898, huko Karachi, daktari Mfaransa Paul-Louis Simond akaonyesha ya kwamba anayekibeba kijidudu hicho kutoka kwa panya kumpelekea mtu ni kiroboto. Wakubwa wa elimu wa siku zile hawakumsadiki. Ilibidi apite muda wa miaka kadhaa ndipo wengine wakarudia majaribio yake na kukiri kwamba alisema kweli.

Kazi ya kiroboto huyo ni ya ajabu na ya kutisha. Akinyonya damu ya panya mgonjwa, vijidudu huzaana mwanzoni mwa tumbo lake hata njia ya chakula ikaziba. Tangu hapo hashibi tena. Huuma na kuuma, lakini damu haishuki. Hurudi nje kupitia pale pale alipouma, pamoja na vijidudu. Panya akifa, mwili wake hupoa, nao viroboto humwacha wakatafuta mwili wenye joto. Ikiwa panya wengine wa nyumbani wamekwisha kufa, mwili wenye joto ulio karibu ni wa mtoto aliyelala sakafuni. Ndiyo maana huko Uhindi watu wa vijiji vingi walikuwa na desturi ya kuhama nyumba zao mara walipoona panya wakianguka wenyewe kutoka darini. Hawakuwa na hadubini, lakini walikuwa na macho.

Mtu aliyeumwa na kiroboto wa namna hiyo hukaa siku chache, tangu moja hata saba, ndipo homa kali humpanda ghafula, pamoja na baridi, maumivu ya kichwa na uchovu mkubwa. Kisha tezi za kinena, za kwapa au za shingo huvimba na kuuma sana. Hiyo ndiyo tauni ya mitoki. Asipotibiwa, katika watu mia hufa thelathini hata sitini. Kama vijidudu vikiingia mapafuni, mgonjwa huanza kukohoa, na hapo hahitajiwi tena panya wala kiroboto: pumzi ya mgonjwa yatosha kumwambukiza anayemwuguza kwa karibu. Tauni ya mapafu isipotibiwa huua karibu wote, na dawa yapasa ianze mapema mno, yaani katika saa ishirini na nne za kwanza tangu mgonjwa aanze kuugua. Shika sana hizo saa ishirini na nne, msomaji, maana tutazirudia.

Mwisho wa karne ya 19 tauni ilisafiri kwa meli, na yafaa kuona jinsi ulimwengu ulivyoshughulika wakati huo. Kutoka Hong Kong ilifika Bombay mwaka 1896, na katika miaka iliyofuata watu zaidi ya milioni kumi wa Uhindi walikufa. Mwaka 1897 wajumbe wa serikali walikusanyika Venice, wakakaa kujadili tauni peke yake. Hofu yao kubwa ilikuwa isije ikaingia katika bandari za Ulaya. Mwaka 1898 ilishuka Toamasina, bandari ya Madagaska. Mwaka 1900 ilionekana San Francisco. Afrika Mashariki nayo haikusalimika. Mwaka 1898 Profesa Robert Koch, Mjerumani yule aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, alithibitisha kwamba maradhi yaliyokuwa yakiua watu Kiziba, kaskazini ya Bukoba, yalikuwa tauni kweli. Mwaka 1902 ilizuka Nairobi, mji uliokuwa bado mchanga, na soko la Wahindi likateketezwa kwa moto kwa amri ya daktari wa serikali. Waliochomewa maduka yao hawakuwa matajiri wa mji.

Kisha meli zikajengwa kwa namna ya kuzuia panya, dawa za kuua viroboto zikapatikana, na baada ya Vita Kuu ya Pili ikaja streptomisini. Tauni ikaondoka bandarini. Haikuondoka ulimwenguni; ilihamia kwa panya wa mashambani na wanyama wa porini, katika nyanda za juu za Afrika, Asia na Amerika. Lakini kwa kuwa haikugonga tena milango ya wakubwa, ilitoka katika mikutano yao, ikatoka na katika magazeti.

Na sasa tuvuke bahari hadi Madagaska, kisiwa ambacho babu zetu wa pwani walikiita Bukini.

Katika nyanda za juu za kisiwa hicho tauni ina majira yake kama mvua. Huanza mwezi wa Septemba, huendelea hata Aprili. Kila mwaka watu mia kadhaa huugua, wengi wao wakulima wa mpunga wakaao vijijini, ambako nafaka hulala ndani ya nyumba pamoja na watu, na panya hulala pamoja na nafaka. Watu hawa ni miongoni mwa maskini kabisa duniani. Kwa miaka mingi hesabu yao iliandikwa, ikatumwa Geneva, ikachapishwa, na basi.

Tarehe 23 Agosti 2017 mtu mmoja wa miaka 31, mkazi wa Toamasina, alikuwa safarini katika wilaya ya Ankazobe, huko kwenye nyanda za juu. Akashikwa na homa. Ilidhaniwa ni malaria, kama ambavyo yeyote kati yetu angedhani. Tarehe 27 akapanda gari la abiria kurudi kwao. Njia yenyewe ni ndefu, nayo hupita katikati ya Antananarivo, mji mkuu. Humo garini akaanza kukohoa na kushindwa kupumua, na kabla ya kufika kwao akafa. Maiti yake ikatayarishwa kwa mazishi katika hospitali iliyokuwa karibu, bila tahadhari yoyote, maana hapana aliyejua amekufa kwa nini. Watu 31 waliokuwa na uhusiano naye, ama kwa kumgusa ama kwa njia nyingine, waliugua, wanne wakafa.

Hapana aliyejua mpaka tarehe 11 Septemba, mama mmoja wa miaka 47 alipokufa katika mji mkuu na kifo chake kikachunguzwa. Twaomba msomaji ahesabu siku. Tangu safari ile hata kujulikana kwa ugonjwa zilipita siku kumi na tano. Na tumesema kwamba tauni ya mapafu humpa mtu saa ishirini na nne.

Yaliyofuata yalisikika duniani kote. Shule zilifungwa ili zipigwe dawa. Mikutano ya watu wengi ilikatazwa. Kocha mmoja wa mpira wa kikapu kutoka Visiwa vya Shelisheli, aliyekwenda Antananarivo kwa mashindano, alikufa huko. Shirika la Afya Duniani likatoa dola milioni moja na nusu za dharura, likapeleka na dozi milioni 1.2 za dawa. Nchi na visiwa tisa vilivyo jirani, Tanzania na Kenya zikiwamo, viliambiwa vijitayarishe. Watu zaidi ya 7,000 waliokuwa karibu na wagonjwa walitafutwa mmoja mmoja, wakapewa dawa ya kuwakinga. Na kazi hiyo yastahili sifa kubwa, maana waliotembea nyumba kwa nyumba walikuwa Wamalagasi wenyewe. Kati ya tarehe 1 Agosti na 26 Novemba walihesabiwa wagonjwa 2,417, na waliokufa 209. Tuseme kweli: wengi katika hesabu hiyo walikuwa wa kushukiwa tu, na sehemu ndogo ndiyo iliyothibitishwa kwa vipimo. Lakini wagonjwa 1,854 waliandikwa kuwa na tauni ya mapafu, jambo lisilokuwa la kawaida kabisa.

Hatuwezi kuwalaumu waliopeleka dawa kwa ndege. Walifanya vema, na ugonjwa ulizuiwa. Ila twauliza: Kwa nini ndege zile zilisubiri mpaka tauni ipande gari na kuingia mji mkuu? Mkulima wa Ankazobe aliyeota mtoki mwaka 2015, au 2012, alikuwa na ugonjwa ule ule. Yeye hakuwa hatari kwa wasafiri wa viwanja vya ndege, basi hakutolewa dola ya dharura kwa ajili yake. Hofu ya wenye nguvu ni msaidizi asiye na subira: huja mbio, na hatari ikipungua huenda zake.

Tuitazame Marekani sasa, maana kijidudu kile kile kiko huko pia. Tangu kilipoingia kwa meli kimeenea kwa wanyama wa porini wa majimbo ya magharibi, kama vile kindi wa ardhini na jamii zao, wala hakuna awezaye kukiondoa. Kwa hesabu ya kawaida watu saba hivi huugua tauni huko kila mwaka. Mwaka 2024 mtu mmoja wa jimbo la Oregon aliambukizwa, yumkini na paka wake, akatibiwa. Mwaka 2025 mtu mmoja wa Arizona alikufa kwa tauni ya mapafu. Habari hiyo ilitangazwa mpaka kwetu. Kwa hiyo hatusemi kwamba tajiri hafi kwa tauni. Twasema kwamba huko kifo kimoja ni habari ya dunia, na ya kwamba mwenye homa huko ana gari, barabara, hospitali yenye maabara, na dawa kabatini. Tena nyumba yake si ghala la mahindi.

Na liko jambo jingine, ambalo wachache wamelitafakari, nalo lahusu dawa zenyewe.

Baada ya mwaka 2001, Marekani ilipoingiwa na hofu ya maadui wanaoweza kutumia vijidudu kama silaha, tauni iliwekwa katika daraja la kwanza la hatari. Fedha za utafiti zikapatikana. Mwaka 2012 serikali yao iliidhinisha dawa iitwayo levofloksasini kwa ajili ya tauni. Iliidhinishwa kwa kutegemea majaribio ya tumbili, kwa hoja kwamba haikuwezekana kufanya majaribio ya kutosha kwa wagonjwa wa kibinadamu. Tumbili hao walikuwa wa jamii ya Kiafrika! Na wakati huo huo, katika nyanda za juu za Madagaska, watu mia kadhaa kwa mwaka walikuwa wakiugua tauni, wakichomwa sindano za streptomisini ambazo zilitumika kwa mazoea ya miaka mingi, bila jaribio kubwa lililopangwa barabara kuonyesha kama ndiyo njia iliyo bora.

Streptomisini huponya, lakini ina taabu zake. Yahitaji sindano, mikono iliyofundishwa, na kurudia siku kwa siku. Yaweza kudhuru masikio na figo, na kwa mama mjamzito ni ya kuogopwa. Katika kijiji kisicho na mganga wa serikali, dawa ya sindano ni sawa na dawa iliyo mji mwingine.

Hatimaye kazi iliyopasa ikafanyika. Toka mwaka 2020 hata 2024, Taasisi ya Pasteur ya Madagaska pamoja na Chuo Kikuu cha Oxford na wenzao waliwafuata wagonjwa wa tauni ya mitoki huko huko vijijini. Wengine walipewa streptomisini ya sindano kwa siku chache kisha vidonge. Wengine walipewa vidonge tu, vya siprofloksasini, kwa siku kumi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025: vidonge peke yake havikupungukiwa na kitu. Katika wagonjwa 111 wa kila upande waliothibitishwa au waliokaribia kuthibitishwa, matibabu yalishindwa kwa 10 waliopewa vidonge tu, na kwa 9 waliochomwa sindano kwanza.

Hebu msomaji apime uzito wa jambo hilo. Siprofloksasini si dawa mpya. Imo katika maduka ya dawa ya miji yetu tangu miaka mingi. Ugonjwa nao umejulikana kwa karne nyingi. Lakini jibu la swali jepesi, yaani kama mgonjwa wa kijijini aweza kutibiwa kwa vidonge akiwa karibu na kwao, lilikawia mpaka mwaka 2025. Halikukawia kwa sababu ya ugumu wa elimu. Lilikawia kwa sababu waliolihitaji hawakuwa na mtu wa kuwasemea mahali fedha za utafiti zinapogawanywa.

Kipimo pia kipo. Tangu mwaka 2003 imejulikana kwamba kijiti kidogo cha kupimia, kilichotengenezwa huko huko Madagaska, chaweza kuonyesha tauni kwa dakika kumi na tano, bila umeme, bila maabara. Ni ushahidi kwamba elimu si mali ya Ulaya na Marekani peke yake. Kwa chanjo hatuna mengi ya kusema: Oxford ilianza kujaribu chanjo moja kwa watu mwaka 2021, na kazi ya namna hiyo huchukua muda mrefu.

Ingawa hivyo, si kila kitu ni fedha. Wamalagasi huwaheshimu wafu wao mno. Kaburi la ukoo ni kama nyumba ya pili, na baada ya miaka hufunguliwa, mabaki ya wazee yakavikwa sanda mpya kwa shangwe. Tangu siku za utawala wa Wafaransa, aliyekufa kwa tauni alikatazwa kulazwa katika kaburi hilo. Amri hiyo ilikuwa na sababu ya afya, lakini ilitolewa na wageni wenye bunduki, na jamaa wakajifunza kuwaficha wagonjwa wao na maiti zao. Kumtenga maiti na ukoo wake kulikuwa kwao kifo cha pili. Sisi tunaotoka katika makabila yanayojua maana ya kuzikwa kwao hatuhitaji kuelezwa sana. Daktari asiyejua kuongea na jamaa za marehemu atawafanya wagonjwa wengine wasije, hata kama dawa zake zajaa kabati. Huko Uganda, katika nchi ya West Nile, wakuu wa afya waliona jambo kama hilo, wakawaita waganga wa jadi, wakawafundisha dalili za tauni na kuwaomba wawapeleke wagonjwa zahanati mara moja. Wako watakaokunja uso wakisoma hayo. Lakini ikiwa mgonjwa huanza kwa mganga wa jadi, basi ni heri mganga yule ajue la kufanya katika saa ishirini na nne zile.

Ng'ambo ya mpaka huo ni Ituri, katika Kongo, ambako ndugu wengi hutumia Kiswahili hiki hiki. Kuanzia mwaka 2004 hata 2014 Kongo ilihesabu wagonjwa wa tauni zaidi ya 4,600, karibu wote wa Ituri. Panya wa Ituri na wa West Nile hawaujui mpaka wa serikali, lakini watu wa pande mbili hizo hawakupata msaada sawa. Ituri imepigwa na vita kwa muda mrefu. Watu wakikimbia huacha mavuno yao kwa panya. Wakirudi huwakuta panya wamejaa nyumba. Wakikaa kambini hulala chini, wamesongamana. Na zahanati waliyoijua ama imechomwa ama haina mhudumu. Hapo vita na tauni hufanya kazi pamoja.

Na kwetu Tanzania? Mwaka 1980 tauni ilizuka katika vijiji vya milima ya Usambara, wilaya ya Lushoto. Ilirudi mara kwa mara kwa zaidi ya miaka ishirini. Waliougua walikuwa maelfu, waliokufa mamia. Wanawake na watoto ndio walioshikwa zaidi, nao ndio washindao karibu na ghala na jiko. Mwaka 2007 ilizuka Mbulu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wamefanya kazi ya miaka mingi kuwachunguza panya na viroboto vya milima hiyo, kazi isiyo na sifa mjini. Ugonjwa ukitulia, watu husahau. Lakini kijidudu chaweza kukaa kwa panya wa porini kwa miaka mingi pasipo mtu hata mmoja kuugua, kisha kikatokea tena.

Kwa hiyo wazazi wa sehemu hizo wafanye mambo haya. Nafaka iwekwe ghalani, nje ya chumba cha kulala, kama inawezekana. Watoto wasilale sakafuni, hata kama kitanda chenyewe ni cha miti ya msituni. Panya aliyekufa bila kupigwa wala kutegwa asiguswe kwa mkono, na watoto wasimchezee. Apewe habari mwenyekiti wa kijiji au mhudumu wa afya upesi. Wala watu wasikimbilie kuua panya wote mara ugonjwa unapozuka, kabla ya kupiga dawa ya viroboto, maana viroboto wa panya waliouawa watakuja kwa watu. Mwenye homa kali na uvimbe kinenani au kwapani asingoje kesho.

Asingoje kesho, ndiyo. Lakini akifika zahanati, je, atakuta nini? Hapo neno si la wazazi tena. Mwaka 2001 wakuu wa nchi za Afrika waliokutana Abuja waliahidi kutenga sehemu 15 katika mia za bajeti zao kwa ajili ya afya; nchi nyingi hazikufika hapo. Mwaka 2025 Marekani ilifunga USAID, shirika lake la misaada, na nchi nyingine tajiri nazo zikapunguza misaada yao. Si haki kuwalaumu wageni kwa kuondoa mkono ikiwa sisi wenyewe hatukutia wetu. Wala si haki kusema kwamba kwa kuwa serikali zetu zimepungukiwa, basi matajiri wa dunia hawadaiwi kitu, wao ambao waliijadili tauni Venice ilipotishia bandari zao, wakanyamaza ilipobaki kwetu. Mwaka 1576 tauni ilipoingia Milano, gavana na mabwana wengi walitoka mjini wakaenda mashambani kwenye hewa safi. Mtakatifu Karoli Borromeo, askofu mkuu, akabaki na waliokosa mahali pa kwenda. Siku hizi mwenye nacho hahitaji hata kutoka mjini.

Twawaomba wasomaji wetu wa Lushoto, Mbulu na Karatu, na waliopata kukaa Ituri, watuandikie. Yeyote aliyewahi kumwuguza mgonjwa wa tauni atueleze ilikuwa mwaka gani, zahanati ilikuwa umbali gani, walikwenda kwa miguu au kwa gari, na walipofika walikuta dawa au hawakuta. Barua ziwe fupi, majina ya wagonjwa yasitajwe. Tutazichapa katika ukurasa huu kadiri nafasi itakavyoruhusu.